Injini Ichemkayo

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma mazungumzo haya katika kijitabu: kila asafiriye barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma amepata kuliona jambo hili. Gari limesimama kando ya njia, mvuke watoka chini ya viti kama moshi wa jikoni, abiria wamekaa kivulini, na utingo anakwenda mbio na ndoo kutafuta lambo. Wapitao huuliza, "Kuna nini?" Naye dereva hujibu kwa neno moja, "Limechemsha." Basi wapitao hutikisa vichwa wakaenda zao, kana kwamba wameambiwa mtu fulani ana homa.

Lakini homa ni dalili ya ugonjwa, si ugonjwa wenyewe. Mganga mwema hatosheki kujua kwamba mtu ana homa. Huuliza ilianza lini, hupanda saa ngapi, na mgonjwa alikula nini. Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya homa ya injini, itokako, na maswali yapasayo kuulizwa kabla mtu hajashika spana.

Sisi tunaosema nanyi ni walimu, wala hatukusomea ufundi wa magari. Tulifundishwa na msiba. Miaka michache iliyopita watu wanne wa chuo kimoja cha ualimu tulichanga fedha, tukanunua Hiace ya zamani ya dizeli ambayo mwenyewe wa kwanza alikwisha kuigeuza nyumba. Alikuwa ameviondoa viti vya nyuma, akatia kitanda cha mbao, kabati, jiko dogo la gesi, na pipa la maji ya kunywa la lita 60. Likizo zilipofika tulilijaza vitabu na vyombo vya kufundishia sayansi, tukaenda shule za vijiji vya kandokando ya ziwa, tukalala humo humo garini; maana nyumba za wageni huko ni chache, na fedha zetu zilikuwa chache zaidi.

Siku hiyo tulikuwa tukienda upande wa Lamadi. Tulitoka Mwanza jua la utosi, tukavuka daraja la mto Simiyu, tukapita Magu salama. Barabara pale ni ya lami, tena tambarare. Hapana mlima wa kumchosha hata punda. Upepo wa ziwa ulikuwa ukitusukuma kutoka nyuma, nasi tukaufurahia, tusijue kwamba upepo wa nyuma ni adui wa injini. Kupata saa nane, mwenzetu aliyekuwa akiendesha aliuona mshale wa temperecha umeacha mahali pake pa siku zote, unapanda. Akasema, "Tutafika tu, Lamadi si mbali." Sote tukaitikia. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, wala hatumlaumu yeye peke yake.

Hatukwenda kilometa nyingi. Tulisikia kwanza harufu tamu, kama sukari iunguayo sufuriani; kisha nguvu za gari zikapungua; kisha mvuke ukatokea chini ya kiti cha mbele, maana katika magari ya namna hii injini hukaa chini ya viti. Tukasimama. Mdogo wetu kazini, kijana hodari asiyependa kungoja, alifunua kiti, akakishika kifuniko cha rejeta kwa leso, akakizungusha. Hilo lilikuwa kosa la pili, nalo lilimpata yeye. Maji na mvuke vilimrukia mkononi, shingoni na shavuni. Macho yake yalisalimika kwa sababu aligeuza uso upesi.

Tulimketisha chini, tukamwondolea saa na shati kabla ngozi haijavimba, tukamwagia maji ya pipa letu polepole kwa muda wa dakika 20. Watu wa karibu walikuja na huruma zao: mmoja alileta yai, mwingine dawa ya meno. Tuliwashukuru, tukakataa. Vitu hivyo hufungia joto ndani ya ngozi na kuingiza uchafu katika kidonda. Maji safi ya baridi ndiyo dawa ya kwanza, kisha kitambaa safi, kisha kwa tabibu. Gari lililokuwa likirudi Magu lilimchukua. Tukabaki watatu, na injini ya moto, na haya nyingi.

Tuliketi pale kando ya njia tukaanza kuulizana kwa nini maji yale yaliruka kama risasi. Tulikuwa tukiyafundisha mambo hayo darasani kila mwaka, lakini siku hiyo ndipo tulipoyaelewa.

Injini ni jiko. Ndani ya silinda mafuta huwaka, na joto la kila mlipuko, kwa kitambo kisichotimiza kufumba na kufumbua, hupita nyuzi 2,000. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, na chuma cha kusubu huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 1,300. Yaonekana basi kwamba moto huo waweza kuiyeyusha nyumba yake mwenyewe, kama hapana kitu cha kuliondoa joto. Na joto la kuondolewa si dogo. Katika nguvu zote zilizomo ndani ya mafuta, theluthi moja hivi tu ndiyo iendeshayo gari. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi. Na iliyobaki hapana budi ichukuliwe na maji.

Maji hayo huzunguka daima. Pampu, ambayo mafundi huiita wota pampu, huyasukuma katika vijia vilivyo pembeni mwa silinda, nayo huchukua joto. Kutoka huko hufika penye mlango mdogo uitwao thamostati. Injini ikiwa baridi mlango huo hufungwa, ili ipate moto upesi; yakifika kati ya nyuzi 80 na 90 mlango hufunguka wenyewe, maji yakaenda kwenye rejeta. Rejeta ni mirija mingi myembamba yenye mapezi ya bati katikati. Upepo wa mwendo wa gari, na upepo uvutwao na feni, hupita katika mapezi hayo na kuchukua joto kwenda nalo hewani. Maji yaliyopoa hurudi tena kwenye injini. Kisa chote ndicho hicho: maji hubeba joto kutoka ndani, upepo hulipokea nje. Njia ya maji ikizibwa, au njia ya upepo ikizibwa, au maji yenyewe yakipungua, injini huugua.

Sasa habari ya kifuniko. Mwajua kwamba maji ya Dar es Salaam, pwani, huchemka kwa nyuzi 100. Lakini mji wetu wa Mwanza uko juu ya bahari kwa meta 1,140 hivi, na hewa yetu ni nyepesi. Kwa hiyo sufuria ya Mwanza huchemka kwa nyuzi 96. Kama rejeta ingekuwa wazi kama sufuria, tungechemsha kila siku. Ndiyo sababu kifuniko chake kina springi yenye nguvu. Hukandamiza, mvuke hauna pa kutokea, kani yaongezeka ndani, na maji huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Wenye kupika maharage katika sufuria ya kufunga kwa kani wanajua jambo hili, na ndiyo maana maharage yao huiva upesi.

Haya, mtu akija kukifungua kifuniko hicho wakati wa moto, kani yote hutoweka kwa mara moja. Maji yaliyokuwa kimya kwa nyuzi 110 hujikuta katika hewa ya nyuzi 96, yakageuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote hujaza nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Leso ya kijana haiwezi kuzuia jambo hilo. Ngojeni nusu saa kwa uchache, na zaidi kama jua ni kali; ugueni mpira wa juu wa rejeta, na kama bado ni mgumu kama jiwe na moto wa kuunguza, ngojeni tena. Hatimaye funikeni kifuniko kwa kitambaa kinene, simameni kando wala si juu yake, mkizungushe kidogo tu mpaka kituo cha kwanza, muuache mvuke utoke kwa kuzomea. Ukiisha kunyamaza ndipo mkifungue.

Twapaswa pia kusema dereva afanyeje mshale unapoanza kupanda, kabla ya mvuke. Kwanza azime kiyoyozi kama kipo. Kisha, jambo hili huwashangaza wengi, afungue vioo vyote na kuwasha kipasha joto cha gari mpaka mwisho, pamoja na feni yake. Kipasha joto ni rejeta ya pili, ndogo. Huchukua joto la injini na kulitupa kwa abiria. Watatokwa na jasho, watanung'unika, lakini mara nyingi mshale hushuka. Apunguze mwendo na kushusha gia. Mshale usipoinama, aegeshe kivulini, uso wa gari ukiuelekea upepo. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, aiache injini izunguke polepole kwa dakika chache, ili pampu na feni ziendelee na kazi. Lakini kama mshale bado wapanda, au kuna mvuke, au maji yamekwisha, azime mara moja. Injini isiyo na maji haipozwi kwa kuzunguka.

Wala mtu asimimine maji baridi katika injini iliyokauka na kuwaka moto. Mmepata kuona chimni ya taa ikidondokewa na tone la mvua? Na hao wapasuao mawe katika vilima vyetu huuwashia mwamba moto mpaka ukaachana. Chuma ni vivyo hivyo: kikipoa upande mmoja ghafula, upande mwingine ukiwa bado moto, hupinda au hupasuka ufa. Ufa wa silinda hedi hauzibwi kwa gundi.

Jioni ile tulivutwa kwa kamba mpaka kijiji cha karibu, kwa fundi mmoja kijana. Alitazama kidogo, akasema, "Thamostati hiyo. Nchi yetu ni ya joto, haina kazi huku." Akaing'oa, akaitupa, akatia maji ya lambo, tukamlipa. Kesho yake tulikwenda kilometa 20, mshale ukapanda tena.

Hapa twaomba ruhusa ya kusimama kidogo, maana desturi hii imeenea mno Bara na Pwani, nasi twaona si njema. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Injini hutaka joto lake la kadiri. Ikikaa baridi mno hula mafuta mengi, oili huchafuka kwa unyevu na masizi, na silinda huliwa upesi. Tena katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba kijia cha mkato kirudishacho maji ndani bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, kijia hicho kinabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji hurudi injini ikiwa ya moto vile vile. Yule aliyetaka kuiponya injini na joto ameiongezea joto. Ni kweli kwamba thamostati huharibika, ikakwama imefungwa. Dalili yake ni hii: gari lachemka upesi baada ya kuwashwa, mpira wa juu wa moto sana, na rejeta yenyewe bado ya baridi. Na jaribio lake kila mwanafunzi aweza kulifanya: ifungwe kwa uzi, itumbukizwe katika sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, itazamwe. Ikifunguka kabla maji hayajachemka ni nzima. Ikikataa, inunuliwe nyingine. Bei yake si kitu mbele ya bei ya injini.

Tulirudi Mwanza tukivutwa, tukampata fundi mwingine, mzee mwenye karakana ndogo chini ya mwembe. Huyu hakushika spana. Alivuta kigoda, akaketi, akatuuliza kama tunavyowauliza watoto hesabu.

"Walimu, linachemka lini? Mkienda polepole au mkienda mbio?"

Tukamwambia, "Mbio, mzee. Na njia ndefu. Mjini halina neno."

"Maji yanapungua?"

"Kabla ya siku ile hayakupungua, mzee."

"Chini ya gari asubuhi kuna matone?"

"Hakuna."

"Moshi wa nyuma ni mweupe? Oili ikoje?"

Alipokwisha kuuliza alikuwa amekwisha kuyaondoa nusu ya magonjwa yote, naye bado yu kigodani. Kwa kuwa maswali haya ndiyo tuliyokusudia kuwapeni, tutayaeleza kama alivyotueleza yeye.

Gari lichemkalo mjini, penye foleni, au likipanda mlima polepole, na lipoalo likikimbia, tazameni feni. Likienda mbio upepo wa njia hutosha. Likienda polepole feni peke yake ndiyo iletayo upepo. Yawezekana mkanda wake umelegea na kuteleza, au, kwa magari ya siku hizi yenye feni ya umeme, fyuzi imekatika. Wale wanaosafiri kwenda Dodoma wanajua mlima wa Sekenke, kati ya Igunga na Singida, baada ya mbuga ya Wembere: malori hupanda pale mwendo wa mtu atembeaye, yakivuta kwa nguvu zote, bila upepo. Mwenye feni mbovu atagundua pale, hata kama kuanzia Mwanza mshale wake haukutikisika.

Lakini gari lichemkalo likikimbia, na mjini li salama, feni haina lawama. Hilo laonyesha kwamba joto ni jingi kuliko rejeta iwezavyo kuliondoa: mirija imeziba ndani, au mapezi yameziba nje, au pampu imechoka, au mpira wa chini umelegea kwa uzee, ukanywea na kubana njia ya maji.

Gari linalopoteza maji ni kisa kingine. Maji hayapotei, huenda mahali. Tafuteni kwanza matone na madoa meupe au ya kijani penye mipira, penye vibano vyake, na penye pampu. Kabati lenye zulia la mbele likilowa maji yenye harufu tamu, kipasha joto kinavuja. Lakini ikiwa maji hupungua na nje hapana hata tone, mkae mkijua kwamba injini yenyewe inayanywa. Baina ya silinda na silinda hedi kuna gasketi. Ikiungua, maji huingia penye moto na moto huingia penye maji. Ndipo moshi wa nyuma huwa mweupe hata jua likiwa kali. Oili katika kijiti cha kupimia huwa kama chai ya maziwa. Na ukiiwasha injini baridi na kifuniko kikiwa wazi, utaona mapovu yakipanda katika rejeta bila kukoma. Ugonjwa huo hauponi kwa kuongeza maji. Aghalabu huletwa na ule usemi, "Tutafika tu." Silinda hedi iliyopikwa hupinda, na iliyopinda haibani tena gasketi yake, hapo watu hulazimika kuifungua injini nzima, na wengine huliuza gari kwa bei ya chuma.

Oili yetu ilikuwa nyeusi, ya dizeli, haina maziwa. Mapovu hayakuwapo. Mzee akasema, "Mmeponea chupuchupu." Akaiwasha injini mpaka ikapata moto, akaizima, akangoja feni isimame kabisa, kisha akapitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, kama mama apimaye homa ya mtoto. Juu palikuwa na moto, kushoto moto. Lakini chini upande wa kulia palikuwa baridi kama mtungi. Akatuita tuguse. Maji ya moto hayakuwa yakipita pale: mirija ile ilijaa matope. Tulikumbuka kila lambo na kila kijito tulichoteka kwa miaka miwili. Maji ya namna hiyo yana udongo na majani, na ndani ya injini huzidisha kutu; udongo na kutu hushikamana katika mirija iliyo myembamba kama bua la mtama.

Kisha akaenda mbele ya gari. Mwenyewe wa kwanza, kwa kuwa alilifanya gari nyumba, alikuwa ametandaza wavu wa chandarua mbele ya rejeta, ili wadudu wasijae humo. Mwajua wale wadudu wadogo wa ziwa letu watokao majini makundi kwa makundi, wakasimama angani kama moshi wa moto mkubwa. Gari likipita katikati yao taa huzibika. Wavu ule ulikuwa umeshika wadudu hao, na vumbi, na mbegu za nyasi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa kama mkeka. Sisi tuliuosha uso wa gari kila Jumamosi, wala hatukupata kuinama kuutazama. Mjini, kwa mizigo michache na mwendo mdogo, upepo kidogo uliopenya ulitosha; lakini kwa mwendo wa safari, na vitabu, na kitanda, na pipa la maji, na jua la saa nane, na upepo wa nyuma uliopunguza hata ule upepo wa mwendo, haukutosha.

Aliukata wavu kwa kisu. Akaifungua rejeta, akaipitishia maji safi kwa mpira kutokea chini kwenda juu, kinyume cha njia yake ya kila siku. Ikatapika matope mekundu, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji safi. Mapezi aliyapuliza kwa upepo kutokea upande wa injini, ili taka zitoke zilikoingilia, na yaliyopinda akayanyosha moja moja kwa ncha ya kisu. Akarudisha thamostati mpya. Kazi ilichukua siku moja.

Wengine watauliza, Je, hakuna injini zisizotaka maji? Zipo. Pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa kwa upepo, nazo mapezi yake mwayaona penye silinda. Volkswagen za zamani, pamoja na Kombi zilizopendwa sana na wasafiri wenye kulala garini, zilikuwa hivyo. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyoitwa Coronation Safari, na mwaka 1954 Volkswagen ndogo isiyo na rejeta ilishinda mbele ya magari makubwa yaliyobeba maji. Lakini injini hizo nazo zina homa yake: feni yao huzungushwa na mkanda, na mkanda ukikatika dereva ana dakika chache tu. Brazili, nchi iliyounda Kombi mpaka mwaka 2013, iliwageukia maji mwisho wa mwaka 2005.

Imebaki habari ya maji yenyewe. Katika shida kila maji ni halali, hata ya lambo. Lakini yakiisha kukufikisha, yatolewe, rejeta isafishwe. Yaliyo bora ni kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Sisi hatuogopi barafu, lakini kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Mkijaza, jazeni polepole, uso wa gari ukiwa juu kidogo kuliko nyuma, injini ikizunguka na kifuniko kikiwa wazi, mpaka thamostati ifunguke na mapovu ya hewa yaishe. Hewa iliyonaswa ndani huzuia maji kama mtu alalaye mlangoni. Na kulanti ni sumu, tena tamu. Mbuzi huilamba, mbwa huilamba, na mtoto aweza kuinywa akidhani ni sharubati. Kidogo tu chaweza kuua figo, hata kuua mtu. Iliyomwagwa ifukiwe mbali na kisima, na iliyobaki isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Katika gari lililo nyumba, ambamo maji ya kunywa na maji ya injini hulala chumba kimoja, sisi tuliyapaka madumu ya injini rangi nyekundu, tukayafungia kwa kufuli.

Juma lililofuata tulikwenda tena Lamadi, saa ile ile ya mchana, na mizigo ile ile. Mwenzetu aliyeungua alikuwa pamoja nasi, mkono wake umefungwa bendeji, akauangalia mshale safari nzima kama mtu aangaliaye chelezo cha ndoana. Haukuondoka katikati. Tulifika shuleni watoto wakiwa bado kiwanjani, tukawatolea vitabu vyao. Usiku wadudu wa ziwa walikuja kwa wingi. Kipande kizima kilichosalia cha wavu ule tulikuwa tumekifua na kukipigilia dirishani, tukalala.